Ukurasa wa Tano wa Gavana Rutger Loenink

Mchungaji wetu, Bwana Mwenyekiti wa Chama cha Waliberali, waheshimiwa mliokuja kutoka Den Haag kwa treni ya asubuhi, majirani wa mtaa wetu, nawe Aleida mwanangu pamoja na mumeo, mimi ni Gerlof Loenink, mwokaji wa mikate ya asali hapa hapa Deventer, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia ya maisha yake leo Jumatano, tarehe 13 Februari 1907, kazi niliyoipokea Jumapili kwa kujivuna, na ambayo tangu jana mchana nimekuwa nikitafuta mtu wa kunipokea, nisimpate.

Historia hii ina kurasa nne, zimeandikwa na watu watatu na kukaguliwa na Chama, hazina kosa hata la nukta. Upo na ukurasa wa tano, ambao Chama hakijauona, umo katika mfuko wa koti langu upande wa kushoto, na marehemu mwenyewe alinikabidhi kwa mkono wake ili usomwe mbele yenu, mbele ya jeneza lake, kabla halijatolewa humu. Aleida ameniomba nisiusome. Nawaambia mapema. Sijaamua. Nitasoma hizi nne kwanza, Mungu anisaidie, na tukifika mwisho tutajua.

Marehemu Rutger Everhard Loenink alizaliwa tarehe 14 Novemba 1841 hapa Deventer, katika chumba kilicho juu ya tanuri ya kuokea, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa mzee Everhard Loenink, mwokaji, na mama Johanna Wessels, mimi nikafuata tarehe 2 Machi 1846, na kwa kuwa chumba kile kilikuwa na joto hata wakati wa barafu, mama alikuwa akisema kwamba wanawe wote wawili waliumuka vizuri, ila mmoja tu ndiye aliyetoka nje ya duka. Baba alimjaribu kwenye kazi ya unga alipotimiza miaka kumi, akamrudisha shuleni baada ya wiki tatu, akamwambia mama, "Huyu hafai kuoka, kila gunia anataka kujua limetoka shamba la nani."

Alisoma Shule ya Kilatini ya hapa mjini kuanzia mwaka 1854, akaingia Chuo Kikuu cha Leiden tarehe 18 Septemba 1860 kusomea sheria, na huko ndiko alikopata siasa zake za kiliberali, akawa anakuja nyumbani likizo na kutuhubiria mezani kwamba kila mtu ni huru kuiuza au kutoiuza kazi ya mikono yake, hadi baba akamwambia, "Basi anza na huyu mdogo wako, kesho alfajiri mwache alale, ukande wewe." Alihitimu tarehe 21 Juni 1866 kwa tasnifu juu ya haki ya mtu katika ardhi anayoilima, ambayo bado ninayo dukani, na jana niliisoma tena yote, nikitafuta ndani yake sababu ya kunyamaza, nisiione.

Aliondoka bandari ya Nieuwediep tarehe 3 Mei 1867 kwa meli ya matanga, akasafiri siku mia moja na nne kupitia Rasi ya Tumaini Jema, akafika Batavia, mji mkuu wa makoloni yetu ya Mashariki, tarehe 15 Agosti mwaka huohuo, akaanza kama karani katika ofisi kuu ya serikali, akahamishiwa Semarang mwaka 1870, na Surabaya mwaka 1873 akiwa hakimu, na kote huko, kwa ushahidi wa waliofanya kazi naye, alikuwa mtu wa kusikiliza kesi hadi mwisho hata jua likiwa kali na wenzake wamekwisha kwenda kulala baada ya chakula. Hili ni kweli, msidhani nasoma tu kwa sababu limeandikwa. Alikuwa msikilizaji, na ndiyo maana lile jambo jingine linaniuma.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa na Hermina Tjaden wa Zutphen tarehe 22 Mei 1872, na kwa kuwa hakupata likizo ya kurudi, ndoa ilifungwa kwa wakala kama ilivyo desturi ya watu wetu walioko Mashariki, bibi harusi akiwa huku, bwana harusi akiwa Semarang, na aliyesimama mahali pa bwana harusi mbele ya msajili ni mimi, nimevaa glavu ya kaka yangu iliyoletwa kwa meli, nayo ilinibana kwa sababu mikono ya kukanda ni minene. Hermina aliniambia pale mlangoni, "Shemeji, nakuomba useme kwa sauti, maana ukinung'unika watu watasema Rutger hanitaki." Nikasema kwa sauti, akacheka, akapanda meli mwezi uliofuata. Tangu siku ile nimemsemea kaka yangu mara nyingi, kwenye mikutano, kwenye magazeti, kwenye vizingiti vya wapiga kura, na si kila mara nilisema yaliyo kweli.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Aleida Johanna, aliyezaliwa Surabaya tarehe 3 Juni 1874, huyu mnayemwona hapa mbele amevaa shela nyeusi, na Everhard, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1877 akafa kwa homa tarehe 8 Machi 1878 akaachwa katika ardhi ya kule, na Hermina naye akamfuata mwanawe tarehe 17 Oktoba 1901, akazikwa hapa ambapo leo mumewe anakwenda kulala kando yake.

Sasa nafika ukurasa wa tatu. Bwana Mwenyekiti, nakuona unatazama saa, nami nakuomba uvumilivu.

Tarehe 1 Juni 1881 marehemu aliteuliwa kuwa Gavana wa Maringkai, huko huko Mashariki, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na akalitumikia jimbo hilo kwa miaka mitano kasoro siku chache, akafuta kazi ya lazima ya kubeba mizigo ya maofisa, akajenga shule sita, akakataza wakuu wa wilaya kupiga watu viboko bila hukumu, na, nasoma kama ilivyoandikwa, "akaifungua ardhi tupu iliyoko juu ya Mto Pauh kwa watu huru na mitaji huru, kwa ridhaa ya wenyeji wote, akamkabidhi mrithi wake nchi tulivu tarehe 19 Mei 1886."

Sentensi hiyo ya mwisho niliiandika mimi. Niliiandika Jumatatu jioni, mezani kwangu, na ukurasa wa tano ukiwa umbali wa hatua mbili, ndani ya debe la mdalasini.

Inanipasa nieleze kidogo, kwa ajili ya majirani ambao hawajawahi kufanya kazi Mashariki. Gavana anapoondoka huko hapeani mkono na mrithi wake na kwenda zake, lazima aandike taarifa ya makabidhiano, yaani kila anachokijua juu ya nchi ile, nani ni nani, nani ana kinyongo na nani, shamba gani ni la nani, kwa sababu anayekuja hajui lugha wala njia, na kwa mwaka wake wa kwanza taarifa ile ndiyo macho yake. Wakubwa wa Batavia wanapokea nakala. Waandishi wake wanajua pia kwamba atakayepandishwa cheo ni yule ambaye nchi yake inaonekana haina tatizo, kwa hiyo wanaandika vizuri, kila mmoja anapunguza neno moja la shaka, na anayefuata anaanza kazi akiwa na macho ya kupakwa rangi.

Aliyekuja baada ya kaka yangu aliitwa Tjaard Wiarda. Wengi wenu mnalijua jina hilo kwa ubaya. Tarehe 11 Machi 1888 kampuni iliyopewa ile ardhi ya Pauh ilipeleka wapimaji, wenyeji wakaja na wazee wao na wanawake wao wakaketi chini mbele ya vyombo vya kupimia, Gavana Wiarda akapeleka askari kuwaondoa, askari wakafyatua risasi, wakafa watu sitini na watatu. Wakati huo marehemu alikuwa amekwisha chaguliwa kuwa Mbunge wetu, tangu Septemba 1887, na tarehe 6 Desemba 1888 alisimama Bungeni, katika mjadala wa mambo ya makoloni, akasema maneno ambayo tuliyachapa katika vijitabu na kuyagawa mji mzima, "Mrithi wangu alipokea kutoka mikononi mwangu nchi tulivu, na miezi ishirini na miwili ikamtosha kuijaza makaburi." Alipigiwa makofi. Mimi nilikuwa juu, kwenye viti vya wageni, nikapiga makofi hadi viganja vikaniwasha. Wiarda aliitwa nyumbani mwaka 1889, akafa Kampen tarehe 4 Novemba 1893, na katika maziko yake, nimeambiwa, walikuwepo watu tisa.

Mjane wake yumo humu. Mama Sophia Wiarda, sikusudii kukuaibisha, ila watu wameshaanza kugeuka na kunong'ona, ni afadhali niseme mwenyewe kuliko wao wakisie. Ameketi benchi la tatu kutoka mlangoni. Hakujialika. Mnajua kwamba hapa kwetu anatumwa mtangaza misiba, mwenye kofia ndefu, kupita nyumba kwa nyumba akisoma jina la aliyefariki, na kwamba orodha ya nyumba huandikwa na wafiwa, lakini orodha hii aliiandika marehemu mwenyewe mwezi Desemba, na nyumba ya kwanza, kabla ya Waziri, kabla yangu mimi nduguye wa tumbo moja, ilikuwa ya Mama Wiarda, Kampen. Mtangaza misiba alinirudia na kuniuliza kama si makosa. Nikamwambia nenda, lakini moyoni niliomba treni zikwame theluji.

Nisome siasa zake, kwa kuwa ni haki yake. Marehemu alikuwa Mbunge kwa miaka kumi na minane, hadi Septemba 1905, alitetea shule za watoto wa maskini, alitetea kura ya mtu asiye na mali, alipinga kazi ya lazima katika mashamba ya kahawa kila mwaka bila kuchoka, na kuna watu huko Java ambao leo wanalala majumbani mwao badala ya kambi za kazi kwa sababu ya kinywa chake. Lakini katika miaka hiyo yote hakusema tena neno Pauh. Likitajwa alitoka nje kuvuta sigara.

Na kuna siku moja ambayo haimo katika kurasa nne. Ilikuwa Oktoba 1894, nimekwenda kumtembelea Den Haag, tuko mezani tunakunywa supu ya njegere, kengele ikalia, kijakazi akaja akasema, "Bwana, kuna mama mmoja, anasema ni mjane wa Bwana Wiarda, anaomba dakika tano tu." Kaka yangu akaweka kijiko chini, akasema, "Mwambie sipo." Akaenda kusimama nyuma ya pazia la dirisha la barabarani, mwanamume wa miaka hamsini na miwili, Mbunge, leso ya supu bado iko shingoni. Nikasikia sauti ya yule mama kutoka mlangoni, wala haikuwa ya hasira, "Haya, basi akirudi mwambie nimeliona pazia linacheza." Akaenda. Kaka yangu akarudi mezani na kuniuliza bei ya asali mwaka ule. Nami nikamjibu, asali, Bwana Mwenyekiti, tukaongea asali mpaka saa ya treni yangu.

Naingia ukurasa wa nne, maradhi na kifo. Marehemu alianza kuugua mwezi Septemba 1906, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, Daktari Hesselink akagundua kwamba moyo umechoka na mwili unajaa maji, akamkataza chumvi, ngazi na magazeti, akavitii viwili vya mwanzo. Mwezi Novemba tulimleta hapa Deventer, akalala katika chumba kilekile juu ya tanuri, kwa sababu alisema baridi imemwingia ndani ya mifupa na hakuna jiko la Den Haag linaloweza kuitoa.

Tarehe 2 Januari aliniita. Alikuwa na karatasi mbili mkononi, moja mpya na moja kuukuu iliyoliwa na wadudu pembeni. Akasema, "Gerlof, utanisomea hii siku ya maziko." Nikaisoma pale pale, nikakaa kitandani kwake. Nikamwambia, "Kaka, hii si uisome wewe? Ungali hai. Tumwite mwandishi wa habari kesho." Akasema, "Sina ushujaa huo. Nimeutafuta miaka ishirini, haupo. Nikifa sitakuwa na uso wa kuuficha." Nikamwambia, "Kwa hiyo uso utakuwa wangu." Akasema, "Ndiyo, mdogo wangu, na ninakuomba radhi."

Aleida alipoambiwa alilia siku nzima. Aliniambia Jumapili, na sasa nalitoa hadharani, anisamehe, "Baba mdogo, baba yangu nimebakiwa na jina lake tu, na mume wangu anafanya kazi na watu walewale wa makoloni. Ukisoma karatasi hiyo nitasimama nitoke." Aleida, hujakosea hata kidogo kuogopa. Mimi naogopa kuliko wewe, utaona sasa hivi kwa nini.

Asubuhi ya leo nilimkuta Mama Wiarda mlangoni pa kanisa, anakung'uta theluji kwenye viatu. Nilikwenda kumwomba, nakiri, nilikwenda kumwomba arudi nyumbani, nikamwambia, "Mama, hapa patakuwa pazito kwako, ipo kahawa ya moto nyumbani kwangu, mke wangu atakukaribisha." Akanitazama, akasema, "Bwana Loenink, sikuja kulia wala kunywa kahawa. Mume wangu aliwapeleka askari wale, hilo ni lake, alilibeba mpaka kaburini, wala simtetei. Ila alikuwa akisema kila usiku, 'Sophia, niliambiwa pale hapana mtu.' Nimekuja kusikiliza kama kuna atakayelisema hilo." Kisha akaingia akakaa.

Sasa nasoma mstari wa mwisho wa ukurasa wa nne. Unasema, "Jumamosi tarehe 9 Februari 1907, saa kumi na moja alfajiri, marehemu alilala kwa amani."

Siwezi kuusoma mstari huo, ingawa mmesikia nimeusoma. Nilikuwepo mimi na Dada Geertruid muuguzi, hatukuona amani. Aliweweseka tangu usiku wa manane, akinishika mkono na kuuliza, "Umeiweka wapi? Gerlof, umeiweka wapi?" Nikamwambia iko kwenye debe, iko salama. Akasema, "Si salama nitakayo." Hilo ndilo neno lake la mwisho, muulizeni Dada Geertruid, yuko pale, anaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nami nilidhani nikificha mpaka kilio kipite nitakuwa nimemsitiri. Namsitiri nani? Mtu mwenyewe ameomba avuliwe.

Nausoma. Aleida, ukitaka kutoka, toka mwanangu, hakuna atakayekulaumu, nitakusubiri uvae glavu zako.

Umekaa. Ahsante.

"Mimi, Rutger Everhard Loenink, niliyekuwa Gavana wa Maringkai, niliandika katika taarifa yangu ya makabidhiano ya tarehe 19 Mei 1886 kwamba ardhi ya juu ya Mto Pauh ni tupu na haina anayeidai. Nilijua ina wenyewe. Mwezi Julai 1885 mkuu wa watu wa Pauh, Datuk Sampono, alinipandisha huko kwa miguu, nikaona msitu mchanga tu, nikamwambia hapa hapajalimwa. Akacheka kwa adabu, akasema, 'Bwana Mkubwa, shamba hili limelala, halikufa. Tunalilima miaka miwili, linalala minane. Ukitaka kujua ni la nani, waulize hawa.' Akafyeka majani kwa panga lake, akanionyesha mawe ya makaburi, safu nne, akanitajia waliolala chini yake mmoja mmoja hadi babu wa babu yake. Niliyaandika yote katika rasimu ya tarehe 8 Mei, pamoja na onyo kwamba asipewe mtu yeyote ardhi hiyo kabla wenyeji hawajasikilizwa. Kisha nikayafuta kwa kalamu yangu mwenyewe, kwa kuwa ardhi tupu ilikuwa habari njema na ardhi iliyolala ilikuwa habari ndefu. Rasimu hiyo nimeiambatisha. Bwana Wiarda aliamini mwandiko wangu. Aliponiandikia barua mwaka 1889 kuniuliza nilichokijua, sikumjibu. Nilichosema Bungeni tarehe 6 Desemba 1888 kilikuwa uongo, na niliposema nilijua ni uongo. Waliouawa Pauh waliketi juu ya makaburi ya baba zao, na Datuk Sampono alikuwa wa mbele."

Ukurasa umeishia hapo, lakini mambo hayaishii hapo, kwa sababu kaka yangu kwa huruma yake aliruka kitu kimoja. Rasimu ni ya tarehe 8 Mei. Taarifa yenye sahihi ni ya tarehe 19 Mei. Katikati, tarehe 11, meli ya barua ilifika Maringkai, na ndani yake kulikuwa na barua ya tarehe 3 Aprili kutoka kwa katibu wa Chama cha Waliberali cha hapa Deventer, ikimwambia kwamba kiti cha ubunge kitakuwa wazi, kwamba wapiga kura wamechoka na wanasiasa wa kusitasita, na kwamba, nainukuu kwa moyo kwa kuwa nimeirudia kichwani zaidi ya miaka ishirini, "tuletee jambo moja lililokamilika, lisilo na maswali, nasi tutakuletea kiti." Katibu huyo ni mimi. Sikujua habari za Pauh, sikumwambia afute chochote, lakini nilimwambia ni bidhaa gani inayouzika, na mimi ni mfanyabiashara, najua maana ya kumwambia mtu hivyo.

Bwana Ter Braake, Mwenyekiti wangu, kaa tafadhali, nimebakisha kidogo. Hotuba yako uliyoiandaa ni nzuri, nimeiona, unaweza kuisoma baadaye, isipokuwa aya ya Pauh uifute, safari hii kufuta kutakuwa na faida.

Mama Wiarda, naomba unisogelee, au hapana, keti, nitakuja mimi. Hii hapa karatasi, na hii ndiyo rasimu, wino wa mstari wa kufutia bado unaonekana, umekuwa rangi ya kahawia. Nakala nimeweka kwa mthibitishaji wa hati Ijumaa, siku moja kabla hajafa, maana mwoga hujiwekea kamba ya kumvuta mbele. Hizi za asili ni zako. Mumeo aliambiwa pale hapana mtu. Aliyemwambia ni huyu aliyelala hapa, nasi tuliomsaidia tuko hapa tumesimama.

Nimerudi mbele, niwashukuru wanaostahili kushukuriwa. Familia inamshukuru Daktari Hesselink kwa kupanda ngazi zetu kila siku bila kulalamika, Dada Geertruid kwa mikono yake na kwa kutonikana leo, majirani walioleta kuni, supu na viti, vijana wangu wa tanuri waliofanya kazi kimya kwa wiki kumi na mbili ili mgonjwa apate usingizi juu yao, wenzake wa Bungeni na wa huko Mashariki, hata mliokwisha kutoka nje wakati nasoma, nimewahesabu, ni wanne, nao pia nawashukuru kwa kuja. Namshukuru Aleida aliyekaa. Kahawa na mkate viko nyumbani kama desturi, na mwenye kutaka kunitukana atanikuta pale.

Ndugu zangu, katika kanisa hili huwa tunamwambia marehemu mmoja apumzike, leo tunao wengi, mtanivumilia. Watu sitini na watatu wa Pauh, ambao majina yenu siyajui na aliyeyajua hakuyaandika, pumzikeni kwa amani katika shamba lenu. Tjaard Wiarda wa Kampen, pumzika kwa amani. Nawe Rutger, kaka yangu, mtoto wa chumba cha juu, huko uendako hakuna mpiga ngoma wa kukutangulia wala mwavuli wa dhahabu wa kukufunika kama ulipokuwa Gavana, utaingia kama mtu mwingine yeyote, kwa hiyo utakapomkuta Datuk Sampono usingoje, uanze wewe kumwamkia, na akikuitikia, pumzika kwa amani.